Wikiendi ya Pasaka 2024 kwa Mkapa: ile 0-0 ya Yanga na Mamelodi yalikuwa matokeo mazuri au tulijidanganya?

Mwananchi wa Mtoni

Wakuu habari za jioni. Leo nilikuwa napanga kabati nikakutana na jezi niliyovaa siku ya Mamelodi, nikakaa kitandani nikaanza kuikumbuka wikiendi ile yote mwanzo mwisho, na kuna swali lilibaki kifuani mwangu tangu usiku ule sijawahi kupata jibu la kuniridhisha ndo nimeona niwaletee.

Kwa waliosahau, ni robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mechi za kwanza. Ijumaa tarehe 29 Machi 2024 Simba na Al Ahly, Jumamosi tarehe 30 Yanga na Mamelodi Sundowns, zote kwa Mkapa, uwanja wa taifa hapa Dar, zote usiku. Na ile Ijumaa ndo ilikuwa Ijumaa Kuu, halafu tuko katikati ya Ramadhani, yaani nusu ya uwanja wametoka kufuturu na nusu wametoka kanisani. Timu nane zimebaki Afrika nzima, mbili za kwetu, na hakuna nchi nyingine iliyokuwa na mbili. Misri moja, Sauzi moja, Tunisia moja. Sisi mbili. Mimi mpaka leo nikiandika hivi mwili unasisimka.

Mimi ni Yanga tangu nazaliwa ila Ijumaa nilienda. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni Simba wa kufa na kuzikana, tulifuturu kwake, mihogo ya nazi na tambi na uji wa pilipili manga, tulipomaliza akaniambia shem twende wote leo, kesho na mimi nitakusindikiza. Nikavaa shati jeupe nikaenda. Wiki ile si mnakumbuka maneno yalivyokuwa mengi kuhusu watu kuvaa jezi za wageni mpaka waziri akaongea, mimi nilisema sitashangilia Simba ila Mmisri pia simshangilii. Sasa dakika ya 4 tu Koka wa Al Ahly anafunga. Nilimgeukia shem nikakuta kashika kichwa, hasemi kitu, na mimi likaniuma aisee, sikutegemea kama lingeniuma. Dakika zote zilizobaki nilijikuta nataka wasawazishe. Haikuwezekana, 0-1.

Jumamosi zamu yetu. Tumeingia bila Aucho, bila Pacome, bila Yao, nilikuwa na hofu ambayo siwezi kuielezea, Mamelodi wale ndo walikuwa wametoka kubeba African Football League, wanapiga pasi mpaka unachoka wewe unayeangalia. Tukawazuia. Mpira unaisha 0-0 uwanja mzima umesimama unaimba. Tumetoka pale tunatembea kwa miguu kurudi Mtoni watu wanashikana mikono kama tumeshinda. Shem akaniuliza njiani, kwa upole tu wala sio kwa utani, "sasa shem mnafurahia nini, hamjafunga."

Sikuwa na jibu. Na Ijumaa iliyofuata, tarehe 5 Aprili, sisi Pretoria wao Cairo, tukatolewa wote usiku mmoja.

Kinachonisumbua ni hiki. Februari 24 tuliwapiga Belouizdad 4-0 pale pale kwa Mkapa. Machi 2 Simba wakawapiga Jwaneng Galaxy 6-0 pale pale. Magoli 10 katika mechi mbili. Halafu siku zenyewe zilipofika, mechi mbili nyumbani, dakika 180, timu zetu zote mbili hazijafunga hata moja. Je ile 0-0 yalikuwa matokeo ya kufurahia kweli? Au tulifurahi kwa sababu tulikuwa na woga?

Naomba majibu ya mpira, matusi ya Kolo (Simba) na Utopolo (Yanga) tuyaache kwa leo.

mnyama_wa_chang'ombe

Mkuu umenikumbusha kidonda. Mimi ile Ijumaa goli la Koka sikuliona, niko kwenye ngazi natafuta sehemu ya kukaa nasikia uwanja umenyamaza ghafla, ule ukimya mpaka leo nausikia. Uwanja ule umejaa halafu unanyamaza ndani ya sekunde moja ni kitu kibaya sana.

Na ujue kwa nini iliuma vile. Al Ahly kwa Mkapa alikuwa hajawahi kutushinda. 2019 Kagere 1-0. 2021 Luis Miquissone 1-0. Oktoba 2023 African Football League 2-2, tukaenda kwao tukatoa 1-1 tukatoka kwa goli la ugenini tu. Kwa hiyo sisi tuliingia pale tukiamini kabisa kwamba kwa Mkapa hatoki mtu, hatukuwa tunaimba tu, tulikuwa na ushahidi. Halafu dakika nne.

Baada ya pale gemu tulicheza, nafasi tulipata, ila kipa wao yule kijana Mostafa Shobeir, ambaye alikuwa anadaka kwa sababu El Shenawy aliumia bega Afcon, alitulia kama ana miaka kumi pale golini. Watu wanasema Simba ile ilikuwa mbovu, mimi nakataa, tulifungwa na kosa la dakika za kwanza. Ukiruhusu goli mapema kwa Ahly umemaliza, wanarudi nyuma wanakuachia mpira wanakusubiri uchoke.

Kwa hiyo jibu langu kwako, na nasema hivi mimi nikiwa Simba, 0-0 yenu ilikuwa bora mara kumi kuliko 0-1 yetu. Mlienda Pretoria mkiwa hai. Sisi tulienda Cairo kutafuta magoli mawili kwenye uwanja ambao timu nyingi kubwa zinatafuta moja hazipati. Tukala mbili.

dada_wa_Buguruni

Naomba nijibu hili swali maana nimelijibu mara nyingi sana nyumbani kwa kaka zangu.

Mwananchi wa Mtoni kaka yangu, wewe ulikuwepo Mei 28 mwaka 2023? Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger, mechi ya kwanza kwa Mkapa? Mimi nilikuwepo na mama yangu mzazi, mama ni Yanga kuliko mimi. Tulifungwa 2-1. Mayele alifunga la kwetu. Tukaenda Algiers Juni 3, Djuma Shabani akapiga penati tukashinda 1-0 KWAO, kwenye fainali. Jumla ikawa 2-2. Kombe wakabeba wao kwa yale magoli mawili waliyofunga Dar. Mama alilia, mimi sijawahi kumwona mama analia kwa sababu ya mpira.

Sasa mtu aliyepitia lile, ukimwambia mechi ya kwanza nyumbani imeisha hujaruhusu goli anaelewa maana yake. Sheria ya goli la ugenini CAF ipo, jumla ikilingana anapita aliyefunga mengi ugenini. Kwa 0-0 ya Dar, sare yoyote ya magoli kule Pretoria ilikuwa inatuvusha, 1-1 tunapita, 2-2 tunapita. Tukifunga moja tu Mamelodi anahitaji mawili. Ndo maana tuliimba. Hatukuimba kwa woga, tuliimba kwa sababu watu tumeshajifunza hesabu kwa machungu.

Na lile goli moja tulilipata jamani kule Pretoria. Shuti la Aziz Ki limegonga mwamba likashuka, kila mwenye macho aliona limedondokea wapi. Lisingekataliwa wale walikuwa wanahitaji magoli mawili mbele ya kipa wetu Diarra ambaye kwa dakika zote 180 hakufungwa. Sitaki kurudi huko nitashindwa kulala, na kesho nina kazi.

Shem wako mwambie hivyo, tulifurahi kwa sababu Jumamosi ile mpango ulitimia. Zile penati 3-2 tulizotolewa nazo Pretoria baada ya 0-0 nyingine ni kitu kingine kabisa.

Mwananchi wa Mtoni

Dada nilikuwepo ile ya USM Alger, nilikaa mzunguko upande wa kusini. Sikuwahi kuziunganisha hizi mbili kichwani. Kweli kabisa. Mpe mama salamu zangu nyingi.

dereva_wa_Tunduma

Mimi Pasaka ile niliipigia barabarani, niko Kasumbalesa kwenye foleni ya malori naingia Kongo na mzigo wa Lubumbashi, yaani unakaa pale siku unahesabu tu matairi ya mwenzako wa mbele. Ijumaa tulisikilizia redio kwenye simu ya mwenzangu mmoja, mtandao unakata unarudi, ulipokata tulikuwa 0-0 uliporudi tayari 0-1, hatukujua hata nani kafunga. Madereva wa Tanzania tulikuwa wengi pale, Yanga kwa Simba, tukanywa chai kimya.

Ila kuna kitu hamjakisema. Jumamosi wenyeji pale na wao walikuwa na ya kwao, Mazembe alikuwa Luanda na Petro, ikaisha 0-0. Na Esperance na ASEC kule Tunisia 0-0. Kwa hiyo hesabuni wenyewe, robo fainali nne, wikiendi nzima, Afrika nzima, goli limefungwa MOJA. Lile la Koka dakika ya 4. Baada ya hapo hakuna mtu aliyemfunga mtu.

Hivyo ndugu yangu wa Mtoni usijilaumu kwamba timu yenu ilishindwa kufunga, hakuna mwenyeji hata mmoja aliyefunga wikiendi ile. Hatua ile ndivyo inavyochezwa, kila mtu anaogopa kufanya kosa. Mazembe alifanya kama nyinyi, akatoa sare ya bila goli, tofauti yeye alianzia ugenini akamalizia kwake, Ijumaa iliyofuata akashinda 2-1 pale Lubumbashi, nimeshashusha mzigo tayari, mji ulikuwa haulali, pikipiki zinapiga honi mpaka usiku wa manane. Niliwaza nikasema laiti na sisi tungemalizia kwa Mkapa.

kocha_wa_mtaani

Wachangiaji wamegusa vizuri, mimi nitaongeza kilichotokea BAADAYE maana ndo kinaisafisha wikiendi ile.

Al Ahly waliowafunga Simba goli moja Ijumaa Kuu wakaenda nusu fainali na Mazembe, 0-0 Lubumbashi na 3-0 Cairo, fainali na Esperance 0-0 na 1-0, bingwa. Mechi sita za mtoano hawakuruhusu goli hata moja, kuanzia Simba mpaka kwenye kombe. Hivyo mnyama kaka usijione ulikuwa peke yako, hakuna aliyewafunga.

Na Mamelodi? Huyu ndo anayenifurahisha. Kwa Yanga 0-0 mara mbili, nusu fainali na Esperance kafungwa 1-0 Rades kule Tunisia, na 1-0 nyingine kwake Pretoria. Mechi nne za mtoano hawajafunga goli la mchezo hata moja. Timu yenye pesa zile na pasi zile. Mimi naamini kabisa Yanga ndo waliwaonyesha Esperance namna ya kuwakaba, ukiwabana katikati ukawanyima krosi wanabaki kuzungusha mpira tu. Kocha wetu wa wakati ule Gamondi alifanya hivyo akiwa na viungo nusu. Ile 0-0 ilikuwa kazi ya ufundi, na kama kocha mdogo wa watoto hapa mtaani nimeitumia kuwafundisha mabeki wangu jinsi ya kukaa kwenye mstari.

Pale ninapokubaliana na shemeji yako ni hapa: dakika 20 za mwisho Dar tungeweza kuthubutu zaidi. Wachezaji walionekana wameridhika, na uwanja nao ukawa umeridhika, kelele zikageuka za kulinda badala ya za kutafuta. Hilo nililiona nikalisema usiku ule ule na watu wakanikasirikia.

dada_wa_Buguruni

Kocha hapo sikubali. Bila Aucho, bila Pacome, ungethubutu na nani? Ungefungua mlango wapige kaunta moja tuwe kama Ijumaa? Mimi nilikuwa nimekaa pale naomba dua refa amalize.

kocha_wa_mtaani

Sawa dada, kwa hilo la waliokuwa nje una hoja. Lakini Aziz Ki alikuwepo, na yule ndo aliyemaliza msimu na magoli 21 ligi kuu. Mtu wa namna ile mpe watu wawili karibu yake dakika za mwisho nyumbani kwako. Tutabishana mpaka asubuhi.

mnyama_wa_chang'ombe

Bishaneni tu, mimi nawasikiliza na natamani ningekuwa na 0-0 ya kubishania.

Ila niseme kitu kimoja mwenye mada. Mimi ile Jumamosi nilirudi tena uwanjani. Nina rafiki Yanga kanikatia tiketi, na sikwenda kuwaombea mabaya, naapa kwa Mungu, ilikuwa Ramadhani na nilikuwa nimeshaumia vya kutosha jana yake. Nikakaa katikati ya njano na kijani nikajikuta kila Mamelodi wakikaribia boksi na mimi nasimama. Mechi ilipoisha mzee mmoja wa pembeni yangu akanipa nusu ya chungwa lake bila kuniuliza mimi ni timu gani. Mwaka uliofuata tulipowapindua Al Masry 2-0 kwa Mkapa tukashinda kwa penati, yule rafiki yangu wa Yanga alikuwa amekaa na mimi kiti cha pili.

Mwananchi wa Mtoni

Aisee asanteni wote. Nimemsomea shemeji majibu yenu kwa simu muda huu, la dada la USM Alger na la kocha kuhusu Mamelodi mechi nne bila goli. Amenyamaza kidogo akasema "basi mlikuwa na haki ya kuimba, ila na mimi niliuliza vizuri." Kisha akaniuliza kama ile jezi bado inanienea. Inanibana kidogo mabegani, nimeitundika.