Mkoba wa udongo unaofanana na ngozi: mkanda unapasuka

Mtumbika
Wakuu, natengeneza mkoba wa udongo unaoonekana kama ngozi iliyotumika, kwa mtindo wa mfinyanzi Marilyn Levine. Bamba la mwili lina milimita 8, mkanda milimita 4. Mwili unakauka salama, ila mkanda unapasuka pale unapoungana nao. Tatizo ni nini?

Vigae
Mkanda ni mwembamba na unapigwa na hewa pande zote, hivyo unasinyaa kabla ya mwili. Kwa kuwa ncha zote mbili zimeshikwa, unakatikia kwenye kiungo. Unganisha vyote vikiwa na unyevu sawa, udongo umekaza lakini ukucha bado unaacha alama. Chanjachanja pande zote mbili, paka uji mzito wa udongo uleule, bana. Kisha funika mkanda kwa plastiki, mwili uache wazi hadi rangi zao zilingane. Chini tandika gazeti ili mkoba uteleze unaposinyaa.

Mama Tanuri
Levine (1935–2005), Mkanada aliyesomea kemia kabla ya kufundisha ufinyanzi vyuoni, alichanganya nyuzi za nailoni kwenye udongo. Ndizo zinazoruhusu bamba likunjwe bila kuchanika. Weka kidogo tu; zikizidi, kisu kinaziburuta na ukingo unaharibika. Lakini zinaungua tanurini, kwa hiyo zinasaidia kabla ya kuchoma tu. Fungua madirisha, moshi wake si mzuri.

Na ukichoma hadi nyuzijoto 1200 za Selsiasi, mkanda utalegea. Uegemeze kwa nguzo ya udongo uleule, maana itasinyaa pamoja nao. Paka nguzo alumina (unga mweupe usioyeyuka tanurini) juu na chini isigandane. Pita taratibu kwenye nyuzijoto 573 wakati wa kupanda na wa kushuka, maana kwati (madini ya quartz yaliyomo kwenye udongo) hubadilika ukubwa ghafla hapo na chombo kinaweza kupasuka.

Vigae
Naongezea kuhusu mwonekano, maana wengi huharibu hapa: glezi (rangi inayogeuka kioo tanurini) inayong'aa inaua mwonekano wa ngozi papo hapo. Baada ya kuchoma mara ya kwanza, paka oksidi ya chuma iliyokorogwa kwenye maji, futa kwa sponji yenye unyevu, ibaki kwenye mikunjo na mishono. Tazama pia mkoba wa kweli: tundu la mkanda linalotumika kila siku huvutika na kuwa umbo la yai, na kando yake huwa na alama ya bizimu, kile chuma cha kufungia mkanda. Matundu mengine yabaki mviringo.

Mtumbika
Asanteni sana. Alumina ya unga au ya kuchanganya na maji?

Mama Tanuri
Changanya na maji iwe kama rangi ya ukuta, paka kwa brashi.