GB 40 mara tatu kwa gemu moja! Kampuni hii inatuonaje sisi wa Mtwara?

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nina chumba cha gemu huku Chikongola, kompyuta nne. Wiki iliyopita nimenunua gemu halali, kwa hela yangu, GB 40. Usiku wa kwanza nimekesha nikiishusha mpaka saa tisa. Imefika asilimia 97, umeme ukakata dakika mbili. Uliporudi, programu ya kushushia ya kampuni iliyoniuzia ikaandika: "Faili limeharibika. Anza upya." Kutoka sifuri! Nimerudia mara mbili tena, mtandao ukiyumba kidogo tu, yale yale. Bando limekwisha, gemu sina.

Wasinijibu kwamba ni mtandao wa kusini. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi nzima ilisota. Kukatika kupo, na anayesambaza mafaili makubwa anajua. Ndiyo maana kuna CDN: nakala za gemu zinakaa kwenye seva nyingi, unahudumiwa na iliyo karibu, na faili linakatwa vipande. Kampuni ya Akamai iko kwenye kazi hii tangu 1998. Steam, duka la gemu la mtandaoni, wanakata vipande vya kama MB 1, kila kimoja na heshi yake, yaani alama inayobadilika ukigusa hata herufi moja. Kipande kikiharibika, kinashushwa hicho hicho. Hata ghalani gunia moja la korosho likikataliwa linarudi gunia, lori zima halirudishwi shambani!

Hawa walioniuzia wanakagua mara moja tu, mwishoni, faili zima.

Kilichonichoma zaidi ni huduma kwa wateja. Wamenitumia kiungo kingine, kinaanza na http bila s, yaani njia isiyofungwa kwa siri, wakaniambia nizime ukaguzi wa faili. Nizime! Seva ya njiani inaweza kuingiliwa, ndiyo maana orodha ya heshi husainiwa na mwenye gemu mwenyewe, ili nakala itoke popote, kompyuta yako iikatae ikiwa imechezewa. Vijana wanaingiza akaunti zao kwenye mashine zangu. Wakiibiwa watakuja mlangoni kwangu, siyo kwao.

Nimekataa, nimefungua lalamiko, siku ya tano leo kimya. Nataka hela yangu, na wanionyeshe orodha iliyosainiwa iko wapi.

Wa Masasi, Lindi, Nachingwea mliokwama na programu ya namna hii, wekeni hapa tarehe na asilimia mliyoishia. Naambatanisha zote kwenye lalamiko Jumatatu.