Nairobi hadi New York moja kwa moja: ni masaa mangapi hasa?

Nanga aliuliza:
Wakuu, naomba msaada wa hesabu. Tiketi ya JKIA (Nairobi) – JFK (New York) ya Julai inaonyesha kuondoka saa 6 usiku, kufika saa 2 asubuhi. Hayo ni masaa 8! Kikokotoo cha mtandaoni kinatoa masaa 13, na humu watu wanataja 15. Nishike lipi? Na nikiunganisha ndege ya kwenda Minneapolis, niache nafasi kiasi gani?

Kaskazi:
Shika 15. Saa za kwenye tiketi ni za uwanja husika, si za Nairobi zote mbili. Julai New York iko nyuma yetu kwa masaa 7, basi 8 + 7 = 15. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba mpaka Jumapili ya pili ya Machi, tofauti ni 8, maana Wamarekani hurudisha saa nyuma na sisi hatugusi.

Njia fupi kabisa ni takriban km 11,840. Kikokotoo kinagawanya kwa mwendo wa km 900 kwa saa, kana kwamba angani kumetulia. Lakini juu ya Atlantiki ya kaskazini upepo mkali huvuma kutoka magharibi, kwa hiyo kwenda ni mbisho, yaani ndege inaukabili upepo. Ukikupunguzia km 80 tu kwa saa, 13 inakuwa 14 na nusu, na bado hujahesabu ndege kujikokota ardhini kabla ya kupaa na baada ya kutua. Kurudi unasukumwa na upepo huohuo, safari inapungua kwa saa moja hivi.

Tiara:
Nyongeza kuhusu njia. Usipime kwa rula kwenye ramani ya ukutani, itakudanganya. Chukua tufe la dunia, vuta uzi ukaze: unatoka Nairobi ukielekea kaskazini-magharibi, Sudan Kusini, pembe ya Darfur, Chad, Niger, Algeria, Moroko, halafu bahari, jirani na visiwa vya Azores. Ndege haifuati uzi huo barabara. Vita vya Sudan vilivyoanza Aprili 2023 viliifunga anga yake kwa ndege za abiria, na kila kona ya kuzunguka ni dakika na mafuta.

Jambo jingine ni uzito. JKIA iko mita 1,624 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, mabawa na injini hupata nguvu pungufu. Boeing 787-8 iliyobeba mafuta ya masaa 15 hapo ina kazi. Ndiyo faida ya kupaa usiku: hewa ya baridi ni nzito zaidi, inabeba vizuri. Kukiwa na joto, kinachopunguzwa ni mizigo au abiria, kamwe si mafuta.

Kaskazi:
Kuhusu Minneapolis: hata kama begi lina lebo ya mpaka mwisho, JFK unalichukua mwenyewe baada ya uhamiaji, unapita nalo forodha, ndipo unalikabidhi tena. Kisha unakaguliwa upya, chupa ya maji uliyopewa ndani ya ndege itatupwa. Tiketi ikiwa moja, acha masaa 3 kwa uchache. Zikiwa mbili tofauti acha 5, kwa sababu ukichelewa shirika la pili halina deni nawe wala halikujui. Kubadilisha jengo, panda AirTrain. Kati ya majengo ya JFK ni bure.