Sindano za peptidi za kuponya misuli: ziachwe ziuzwe kwenye jimu zetu?

Tabibu wa viungo, Nakuru (mwanzisha mada):
Hamjambo wanajamvi. Wiki jana kijana ninayemhudumia, winga wa raga aliyechanika nyama ya nyuma ya paja, alinijia na kichupa cha kioo chenye unga mweupe umeganda chini, na bomba la insulini. Ameuziwa jimu. Kichupa kimeandikwa BPC-157, moja ya hizo peptidi, yaani minyororo mifupi ya amino asidi, na chini yake, kwa herufi ndogo hata nikawasha tochi ya simu: kwa utafiti wa maabara tu, si kwa matumizi ya binadamu.

Mimi nasema biashara hii ikomeshwe. Msuli ukichanika, fundi wake ni seli satelaiti, zile alizozieleza mtafiti Alexander Mauro mwaka 1961. Hizi hulala kando ya nyuzi za msuli. Zikiamshwa, kwanza huzaana, halafu huacha kuzaana, hukomaa, ndipo huungana ziwe uzi mpya. Amri hizo hupitia kwenye vipokezi, yaani protini za kupokea ujumbe zilizo juu ya utando wa seli. Chukueni IGF-1, homoni ya ukuaji ya mwili wenyewe, peptidi ya amino asidi 70. Kipokezi chake ni kimoja, ila ndani ya seli ujumbe hugawanyika: njia moja huhimiza seli izaane, nyingine huihimiza ikomae iwe msuli. Mwili wenyewe hupima lini na kiasi gani. Huyu kijana amepimiwa na muuzaji wa unga wa protini! Tena hiyo BPC-157, kipokezi chake mahususi hakijabainishwa. Tunabisha hodi bila kujua ni mlango wa nani.

Mchezaji wa zamani, Kakamega:
Daktari, heshima yako naitambua, lakini paja halijawahi kukukatikia mbele ya watu. Mimi nilikaa nje miezi minne. Kwetu usipocheza huna posho, na mama haulizi vipokezi, anauliza unga. Nilidunga hiyo BPC wiki tatu nikarudi uwanjani. Panya wa maabara wamepona kano kwa dawa hiyo hiyo. Ukiikomesha itauzwa gizani, na hata hayo maandishi uliyoyamulika na tochi hayatakuwepo.

Muuguzi, Kisumu:
Pole sana kaka. Nikuulize bila ubaya: ulianza kudunga mwezi wa ngapi baada ya kuumia? Kama ni wa tatu, msuli ulikuwa tayari uko njiani kupona, na sindano imebeba sifa za seli zako mwenyewe.

Daktari naye asitutishe na neno peptidi. Insulini ni peptidi, amino asidi 51, na kliniki tunaidunga kila siku. Semaglutidi, dawa ya kisukari na ya kupunguza uzito, ni peptidi pia. Zote hufanya kazi kwa kushika vipokezi. Tofauti ni kwamba insulini ilijaribiwa kwa watu, na mimi najua kipimo, najua imekaa friji gani, najua la kufanya sukari ikishuka usiku. Kichupa cha jimu kimepanda matatu na jua letu hili hadi kikafika kwako, na maji ya kukichanganyia sijui yametoka wapi. Nimemsafisha mtu jipu la kitovuni lililotokana na sindano za namna hiyo. Usaha ulijaa kibakuli cha chuma. Alikuwa na miaka 22.

Mfugaji, Bungoma:
Naongezea la ng'ombe. Wale Belgian Blue wenye misuli ya kutisha wana hitilafu kwenye jeni la miostatini, protini inayoshika kipokezi na kuuzuia msuli usizidi. Hiyo ilijulikana 1997. Breki imekatika, nyama imejaa, lakini mitamba wengi hupasuliwa ili ndama atoke. Mwili haukuweka breki bure.

Kocha wa mbio, Kapsabet:
Vijana wangu nawaambia jambo moja tu. WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, iliingiza BPC-157 kwenye orodha ya marufuku mwaka 2022, na IGF-1 na TB-500, peptidi nyingine ya namna hiyo, zimo pia. Ukikutwa nayo, kusema uliambiwa ni vitamini hakukuokoi. Kilichomo mwilini mwako ni chako.

Tabibu wa viungo, Nakuru:
Ndugu yangu wa Kakamega, la gizani umenishika. Kuvamia jimu peke yake hakutoshi kama kijana aliyeumia hana pa kwenda, na wengi hawana. Basi naongeza dai: kila klabu ya kaunti iwe na tabibu wa viungo, hata wa siku mbili kwa wiki, na Bodi ya Dawa na Sumu iwafuate waingizaji, isihangaike na wachezaji.

Yule winga hajadunga. Siku tano za kwanza alipumzisha mguu, sasa anakaza paja bila kulisogeza, mara kumi, asubuhi na jioni. Jumamosi ataanza kutembea kwa kasi. Kichupa kiko kwenye droo yangu, na aliyemuuzia ananipigia simu akidai pesa zake.