Mnaficha visanduku vya fomu halafu mnadai vijazwe! Watengeneza tovuti, mnatutesa

Wanajukwaa, salamu ndefu leo sina, nina hasira.

Nafanya kazi saiba hapa Mwembe Tayari, Mombasa. Msimu wa basari ukifika foleni inatoka mpaka barazani, maana fomu sasa zajaziwa mtandaoni. Kuna moja, ofisi yenyewe siitaji, inauliza: wazazi wote wako hai? Ukijibu ndiyo, vinatokea visanduku vya jina la baba na nambari ya kitambulisho chake. Ukijibu la, hivyo vinafichwa na kinatokea cha nambari ya cheti cha kifo. Wazo zuri kabisa. Kazi ndiyo mbovu.

Amekuja mama wa Likoni, kavuka feri na mwanawe aliyefiwa na babake. Tumejaza yote. Nabonyeza kitufe cha kutuma, kimya. Hakuna maandishi mekundu, hakuna onyo, ukurasa umetulia tu. Nabonyeza tena, kimya. Mama ananitazama kama kwamba mimi ndiye ninayemnyima mwanawe basari, na foleni nyuma yaguna.

Nikafungua konsoli ya Chrome, pale kivinjari kinapoandika makosa ya ukurasa. Kumbe kisanduku cha kitambulisho cha baba kimefichwa kwa amri ya display: none, lakini required, alama ya kuwa lazima kijazwe, bado imeachwa juu yake! Kivinjari kinaona kisanduku cha lazima kiko kitupu, kinataka kukupeleka hapo ukijaze, hakiwezi kwa kuwa hakionekani, basi kinakataa kutuma na kuandika mstari mmoja ndani ya konsoli. Nani atausoma? Mama wa Likoni?

Yaani mwenye baba na mama anapita bila shida, na mtoto yatima, ambaye basari hii ndiye hasa mwenyewe, ndiye anayefungiwa mlango. Hili wallahi limeniuma. Aliyeijaribu hiyo fomu alijibu "ndiyo", akaona imekwenda, akafunga kazi. Jibu la pili hakuligusa.

Na dawa yake si ngumu. Kisanduku ukikificha, kizime pia kwa disabled. Kikizimwa, kivinjari hakikidai na wala hakikitumi. Vikiwa vingi vitie ndani ya fieldset moja, yaani kundi la visanduku, uizime hiyo, vyote vinazimika pamoja. Mtu akibadilisha jibu, washa. Mistari michache tu ya JavaScript, lugha inayoendesha ukurasa ndani ya kivinjari!

Ukikificha bila kukizima kuna balaa la pili. Mzazi ameanza na "ndiyo", akaandika nambari, kisha akageuza jibu. Nambari haionekani tena lakini bado inatumwa. Huko ofisini wanasoma kwamba baba ni marehemu na kitambulisho chake hiki hapa, wanamwita mzazi ajieleze. Nauli na siku nzima ya kibarua zimekwenda. Seva nayo, kompyuta inayopokea fomu, yapasa ikague yenyewe jibu linahitaji visanduku gani na kutupa visivyohusika, si kumeza chochote kinacholetwa.

Tena kaunti ndogo. Mombasa inazo sita: Changamwe, Jomvu, Kisauni, Likoni, Mvita, Nyali. Kisanduku chake nacho kimefichwa tangu mwanzo, kinangoja JavaScript ikitoe. Mtandao ukisuasua faili isifike, hakitokei kamwe. Kiacheni wazi, JavaScript ikifika ndiyo ikifiche. Na ukaguzi wa visanduku gani vionekane ufanyike ukurasa unapofunguka, msingoje mtu abadilishe jibu; akirudi nyuma, kivinjari huweza kumrudishia jibu lake la "la" na visanduku vikabaki vya "ndiyo".

Fomu ya yule mama ilikwenda kwa sababu niliifuta required kwa mkono. Wanaojaza kwa simu huko Jomvu na Mtongwe wataifutaje? Uliyeitengeneza, najua wenzako wapo humu na uzi huu utakufikia: irekebishe kabla dirisha la maombi halijafungwa, na mjibu watu waliokwama kwenye kitufe hicho wakidhani wamekataliwa.