Mjadala: Zamu ikibadilishwa dakika za mwisho, mfanyakazi alipwe fidia?

Mleta mada

Wakuu, hoja iko hivi. Ratiba ikishabandikwa, kisha mwajiri akaibadilisha bila taarifa ya kutosha, amlipe mfanyakazi kitu juu ya mshahara wake, au tuseme ndivyo kazi za zamu zilivyo? Ovataimu tuiweke pembeni, hiyo inalipia saa zilizozidi. Nazungumzia mtu aliyetenga siku yake, akalipa wa kumwangalia mtoto, akakataa kibarua kingine, halafu saa tatu kabla ya zamu anapata ujumbe: "Leo usije."

Wapo waliokwisha kutunga sheria. Jimbo la Oregon, Marekani, linawabana waajiri wa maduka, hoteli na migahawa wenye wafanyakazi 500 au zaidi watoe ratiba siku 14 kabla. Sheria ilipoanza Julai 2018 zilikuwa siku 7, zikaongezwa Julai 2020. Uholanzi, tangu 2020, mwenye mkataba wa kuitwa, yaani anayefanya kazi pale tu anapoitwa, akifutiwa zamu zikiwa zimebaki chini ya siku 4, kwa kawaida anadai mshahara wa saa zote alizoitiwa. Mimi nasema alipwe. Mwenye hoja ya kupinga ailete.

Mpanga zamu

Napinga, na si kwa sababu mfanyakazi haumii. Anaumia. Ila fidia ya namna hiyo mara nyingi inamwangukia asiyesababisha badiliko. Muuguzi akipiga simu alfajiri kwamba anaumwa, wodi haiwezi kubaki na pengo, lazima mwingine aitwe. Hapo meneja amekosa nini?

Pili, kila badiliko likiwa na bei, anayepanga atajikinga. Atabandika watu wachache kuliko wanaohitajika, na siku kazi ikizidi hataita mtu. Watatu waliopo watabeba mzigo wa watano, na hakuna sheria ya fidia itakayowafidia kwa hilo.

Mhesabu mishahara

Kabla hatujaenda mbali, tuone kiasi chenyewe, maana wengi wanakisia. Nitatumia kanuni za Oregon. Chukua zamu ya saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni, saa nane kamili.

Mfanyakazi akirudishwa nyumbani saa 6 mchana, amefanya saa nne na amepoteza nne. Kila saa iliyopotea inalipwa nusu, kwa hiyo anapokea malipo ya saa sita. Zamu ikisogezwa ianze saa 6 mchana na kuisha saa 2 usiku, saa hazijapungua, anaongezewa saa moja: jumla tisa. Akibakizwa hadi saa 12 jioni, anafanya kumi na kulipwa kumi na moja, na ovataimu inahesabiwa kivyake. Mwanzo au mwisho wa zamu ukisogea dakika 30 au chini ya hapo, hakuna fidia.

Jiji la New York lilichagua njia nyingine kwa wafanyakazi wa vyakula vya haraka: viwango maalumu kwa kila badiliko, kuanzia dola 10 hadi 75. Cha juu kabisa ni cha zamu kufutwa au kupunguzwa ndani ya saa 24. Ni rahisi kukagua, lakini aliyepunguziwa saa moja na aliyefutiwa zamu nzima wanapata sawa. Mimi naona nusu ya saa iliyopotea ni ya haki zaidi.

Makosa ninayoyajua yako kwenye kumbukumbu. Programu nyingi za ratiba, meneja akihariri zamu, ya kwanza inafutika. Mwisho wa mwezi ratiba na mahudhurio vinalingana kabisa, kana kwamba hakuna kilichotokea, na fidia haionekani popote. Tunza nakala ya ratiba kama ilivyobandikwa siku ya kwanza, na kila badiliko liwe na mstari wake: tarehe, saa, nani kabadilisha, kwa nini. Muda wa taarifa uhesabiwe tangu mfanyakazi alipopashwa habari, si tangu meneja alipobonyeza. Kwenye hati ya mshahara, fidia isimame peke yake. Ikichanganywa na saa zilizofanywa inaharibu hesabu ya ovataimu.

Mwakilishi wa wafanyakazi

Mpanga zamu, hoja yako ya ugonjwa ina jibu. Oregon inaruhusu orodha ya akiba: wafanyakazi wanaojiandikisha kwa hiari kwamba mtu akikosekana waitwe. Wakiitwa kwa njia hiyo hakuna fidia, na wana haki ya kukataa. Wawili wakibadilishana zamu wao kwa wao, vilevile hakuna.

Kinachonisumbua mimi ni neno "hiari". Wateja wakipungua, msimamizi anamsogelea mmoja: "Leo kumetulia, si ungependa kuwahi nyumbani?" Mtu anaitikia, na kwenye karatasi inaandikwa kaomba mwenyewe. Saa nne zimekwenda bila senti. Hapa ndipo sheria hizi zinapovuja zaidi. Dawa ni ombi kwenda kwa kundi zima kwa mara moja, kwa maandishi, na anayekubali aandike jibu kwa mkono wake. Ombi la ana kwa ana lihesabiwe kuwa badiliko la mwajiri.

Mleta mada

Niongeze kuhusu chanzo cha mabadiliko, kwa sababu tunadhani ni wateja tu. Watafiti walifanya jaribio kwenye maduka 28 ya nguo ya kampuni ya Gap, Chicago na San Francisco, wakatuliza ratiba zisibadilike ovyo. Mauzo yalipanda kwa 7%. Na vurugu nyingi walizikuta zikitoka makao makuu: mizigo isiyofika kama ilivyotajwa, matangazo ya bei yaliyobadilishwa mwishoni, ziara za wakubwa. Mambo hayo yakiwa bure, nani atayarekebisha?

Mpanga zamu

Orodha ya akiba naikubali, mradi watu wajiandikishe kweli. Kwa mwajiri mdogo bado nina wasiwasi, ingawa njia ya New Zealand naiona nzuri: mkataba wenyewe utaje muda wa taarifa na fidia yake, na usipotaja, zamu iliyofutwa bila taarifa inalipwa yote. Hata mwenye watu wanne anaweza kuandika kifungu hicho.

Lakini hamjagusa walinzi na wafanya usafi wa makampuni ya uwakala. Anayefuta zamu ni mteja, anayelipa mshahara ni wakala. Fidia itoke wapi?

Mhesabu mishahara

Wakala amlipe mfanyakazi kwanza, kisha amdai mteja. Ili adai, mkataba wao lazima uwe na muda wa taarifa usiopungua ule wa mfanyakazi. Mteja akiruhusiwa kufuta saa 24 kabla huku mlinzi ana haki ya siku 7, siku sita katikati zinamwangukia wakala, na wakala wa namna hiyo ataanza kuwapanga walinzi kwa maneno ya mdomo, bila ratiba. Kwa hiyo mikataba ya wateja ibadilishwe kwanza, kabla sheria haijaanza kutumika.