Punje ya mahindi na bua lake vyote ni glukosi, sasa kwa nini bua hatuli?

baba_mapacha:
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada wa haraka. Dogo wangu yupo kidato cha pili, wanasoma zile molekuli za viumbe hai, yaani kabohaidreti (jamii ya sukari na wanga), protini, mafuta na hizo za kwenye jeni, DNA na wenzake. Mpaka hapo nilikuwa naenda naye sawa. Sasa daftari linasema wanga (wa kwenye punje) na selulosi (ya kwenye bua) vyote ni glukosi, ile sukari ndogo, zimeungana mnyororo mrefu, akaniuliza baba kama punje ni glukosi na bua nalo glukosi kwa nini punje tunasonga ugali bua tunampa ng'ombe? Nikamwambia bua gumu. Akasema si tusage. Nimekwama hapo 😅

Kijiwe Namba 3:
Hahaha "si tusage". Huyo kakuzidi akili, kubali tu yaishe.

mama_maabara:
Ugumu sio sababu, punje kavu nayo inavunja meno. Ishu ni namna glukosi zilivyoshikana. Kwenye wanga zote zimekaa sura moja, mnyororo unajiviringa kama springi, ukipika maji yanaingia ndani ndo maana unga kidogo unajaza sufuria. Kwenye selulosi kila glukosi ya pili imepinduliwa juu chini, basi mnyororo unanyooka kama fito, na fito zikilala pamoja zinang'ang'aniana kiasi kwamba maji hayaziyeyushi. Shati lako la pamba karibu lote ni selulosi, umelifua miaka mangapi na bado lipo?

Sasa mate yetu yana enzaimu (protini inayokatakata chakula) inaitwa amilesi, inakata kile kiungo cha wanga tu, cha selulosi haikiwezi hata usage bua liwe poda. Mwambie atafune tonge la ugali mkavu dakika mbili asimeze, litaanza kuwa tamu, hiyo ni maltosi, glukosi mbilimbili. Kisha atafune pamba, atatafuna mpaka kuche. Na kama mna iodini hapo nyumbani, tone moja kwenye ugali linageuka bluu ya kukaribia nyeusi, kwenye pamba linabaki na rangi yake ya kahawia.

baba_mapacha:
Asante sana dada, ugali tumetafuna wote hapa na kweli utamu upo. Kwa hiyo ng'ombe yeye anayo hiyo enzaimu ya selulosi?

mfugaji_mtata:
Hana! Hata yeye hana, wanaokata ni bakteria na vijidudu wengine kwenye tumbo lake la kwanza. Na usidhani wanamwachia glukosi, wanaimaliza wao wanamwachia asidi ndogondogo, mojawapo ile ya kwenye siki, ndo anaishi nazo, glukosi anayohitaji ini lake linatengeneza kutokana na asidi nyingine humo humo. Gesi ya metheni anaibeua. Halafu bakteria wenyewe wakisukumwa mbele anawameng'enya, anapata protini. Mimi niliwahi kumwachia mtamba akavamia gunia la mahindi, wanga ule mwingi ukachachuka tumboni asidi ikapanda, asubuhi nikamkuta kalala hainuki. Yaani chakula kinachotunenepesha sisi ndo kilimuua.

Kijiwe Namba 3:
Pole mkuu. Nje ya mada kidogo, hapo kwenye protini makande nayo yana akili, mahindi yana laisini (kipande cha protini ambacho mwili hauwezi kujitengenezea) kidogo kwenye protini yake, maharage yanayo ya kutosha. Bibi zetu walijulia wapi?

baba_mapacha:
Dogo nimemsomea yote. Sasa anauliza, sisi tukimeza hao bakteria si tutakula bua?

mfugaji_mtata:
Mwambie hilo tumbo la kwanza kwa ng'ombe mkubwa linabeba lita 100 na zaidi, na anacheua masaa kibao kwa siku. Akishapata pa kuliweka anitafute, mabua ninayo.